Ukihama Jimbo Marekani, Makaratasi Hayakufuati Yenyewe

Familia nyingi za Wakongomani na Warundi zilizofikia Texas hazikai huko daima. Mara mjomba anapiga simu kutoka Portland, Maine, kwamba kazi zipo. Wiki mbili baadaye mizigo imeshapakiwa kwenye lori la kukodi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Marekani ni nchi moja, walichopewa Houston kitakubaliwa popote. La hasha. Namba ya Social Security, kibali cha kazi na hadhi ya ukimbizi ni vya serikali ya shirikisho, kwa hiyo unaondoka navyo. Leseni ya udereva, namba za gari, Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) na msaada wa chakula ni mambo ya jimbo, na kule uendako unayaanza upya.

Hata serikali ya shirikisho inataka kujua ulipo. Asiye raia anatakiwa kuitaarifu idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10, kwa fomu ya AR-11. Ni bure, na kila mtu katika familia anahesabiwa peke yake, watoto pia. Akikutoza mtu dola 50 kwa kazi hiyo, hizo zimekwenda mfukoni mwake. Posta nayo itakupelekea barua kwenye anwani mpya ukijiandikisha, lakini usiitegemee kwa kila kitu: barua za uhamiaji huweza kurudishwa zilikotoka, hata kama ndani yake mna kadi ya ukaazi uliyoingoja mwaka mzima.

Mwenye kesi ya hifadhi ana jambo zito zaidi. Kuhama kwako hakuihamishi kesi. Mahakama ya uhamiaji ina fomu yake, EOIR-33, inayotakiwa ndani ya siku 5, nayo hubadilisha anwani tu. Jaji wa Texas ataendelea kukungoja Texas mpaka akubali ombi la maandishi la kuipeleka kesi kwingine. Usipofika siku ya kesi, anaweza kuamuru uondolewe nchini wewe ukiwa hupo. Maine haina hata mahakama ya uhamiaji. Kesi za wakazi wake husikilizwa Massachusetts. Kwa maoni yangu, mwenye kesi asipande basi kabla hajazungumza na mwanasheria. Mjomba anajua kazi zilipo, lakini sheria hii siyo fani yake.

Kwenye matibabu, kuhama kunaweza kukufaa. Texas haijapanua Medicaid, na mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hunyimwa hata akiwa na kipato kidogo sana. Wapiga kura wa Maine waliamua kuipanua mwaka 2017, na huko inaitwa MaineCare. Kwa hiyo aliyekataliwa Houston aombe tena. Ajue tu kwamba sheria ya Julai 2025 imekaza masharti ya Medicaid na ya msaada wa chakula kwa wahamiaji, na jibu alilopewa jirani mwaka juzi huenda leo si jibu. Waarifu Texas tarehe unayoondoka, kwa sababu kupokea msaada wa chakula katika majimbo mawili kwa wakati mmoja ni kosa. Anayemeza dawa kila siku achukue za kutosha kabla ya safari.

Shule haina shida kubwa. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Beba kadi za chanjo, na kwa wa sekondari, orodha ya masomo na alama zake. Hizo ziwe kwenye mkoba ulio mkononi mwako, zisipakiwe kwenye lori pamoja na masufuria.

Gari litakusumbua zaidi. Maine inakupa siku 30 kubadili leseni na kusajili gari. Kwanza unakwenda ofisi ya mji kulipa kodi ya gari, ukiwa na karatasi ya bima, ndipo unapata namba. Texas iliacha ukaguzi wa usalama wa magari binafsi mwaka 2025. Maine hukagua kila mwaka, na gari lililoliwa kutu chini halipiti. Theluji ikianguka, mji hutangaza usiku ambao ni marufuku kuegesha barabarani. Ukiliacha gari lako huko litavutwa, na gharama ya kulikomboa ni yako.

Kuhusu nyumba, kabla ya kutia sahihi mkataba uliza swali moja: joto analipa nani? Houston bili inayouma ni ya umeme wa Agosti. Portland inayouma ni ya Januari, na nyumba nyingi huko hupashwa joto kwa mafuta yanayokaa kwenye tangi. Tangi lina geji. Jifunze kuisoma siku ya kwanza, na agiza mafuta yakifika robo. Wauzaji wengi hawaleti chini ya galoni 100, hivyo pesa hiyo iwekwe mapema. Mafuta yakiisha usiku wa baridi kali, maji huganda ndani ya mabomba na mabomba hupasuka. Upo mpango wa serikali wa kusaidia gharama hiyo, LIHEAP, na wanaoomba mapema ndio wanaopona. Usiwashe jiko la mkaa ndani hata kwa dakika chache, wala usiache oveni wazi upate joto: nyumba za huko hufungwa kabisa, na hewa yenye sumu haina harufu.

Kodi nayo hubadilika. Texas haitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, Maine inatoza. Usishtuke malipo yakipungua, na ukijaza fomu za kodi sema ulihama mwezi gani.

Ukikwama, piga 211 na uombe mkalimani wa Kiswahili. Hospitalini pia mkalimani ni bure, kwa hiyo usimtoe mtoto shuleni aje kukutafsiria maneno ya daktari.