Mahali anapolala mtoto mchanga ni amana

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba wake.

Mtoto anapozaliwa katika nyumba ya Muislamu, wengi wetu hujitahidi. Ataadhiniwa, atapewa jina jema, na siku ya saba mwenye uwezo atachinja aqiqa. Lakini lipo swali ambalo ni nadra kulisikia msikitini: mtoto huyu analala wapi, na analazwa vipi?

Mtoto wa miezi michache hana nguvu ya kuondoa nguo iliyomfunika uso. Akizibwa pumzi, huenda asilie hata kidogo. Wapo waliolazwa wazima usiku, alfajiri wakakutwa wamefariki. Hapo husemwa, "Ni amri ya Mungu." Ni kweli, ajali ya kila kiumbe iko kwake. Lakini kuamini qadar hakumwondolei mtu wajibu wa tahadhari. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba akategemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ikiwa ngamia hufungwa, vipi kuhusu mtoto?

Mafaqihi wetu hawakulidharau suala hili. Wanazuoni wa Hanafi wametaja mfano wa mtu aliyelala, akageuka usingizini, akamlalia mwenzake hadi akafa. Wakasema hukumu yake ni kama ya kuua kwa makosa, yaani ina dia na kafara, ingawa hakukusudia. Hatuyasemi haya kuwahukumu waliofiwa, kwani vifo vingine hutokea hata baada ya kila tahadhari. Tunayasema ili aliye na mtoto leo ajue uzito wa amana aliyonayo.

Alazwe chali

Kila anapolala, usiku na mchana, mtoto alazwe chali, si kifudifudi wala ubavu. Akina bibi wengi huogopa kuwa akicheua atapaliwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mtoto anapolala chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa hayaingii kwa urahisi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua sana. Uingereza vilishuka zaidi ya nusu katika miaka michache.

Pasiwe na vitu

Godoro liwe gumu na bapa, lisilobonyea. Mto wa kutengeneza kichwa, blanketi zito, midoli na lundo la kanga viondolewe. Kwa joto la miji yetu ya pwani, nguo nyepesi inatosha. Chandarua ni lazima kwa ajili ya malaria, ila kivutwe vizuri na kuchomekwa chini ya godoro, kisimwangukie usoni. Uzi au hirizi shingoni hapana: licha ya kasoro yake katika itikadi, inaweza kumnyonga.

Moto na moshi

Zipo nyumba ambazo mzazi na mtoto hulala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, ili wapate joto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na huua familia nzima. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa nyumba iliungua usiku Madina ikiwa na watu wake, Mtume (s.a.w.) akaagiza moto uzimwe watu wanapolala. Sigara, na hata moshi wa udi, visiwe chumbani mwa mtoto.

Chumba kimoja, si kitanda kimoja

Lililo salama zaidi ni mtoto kulala karibu na mama, lakini mahali pake, angalau miezi sita ya mwanzo. Kunyonyesha nako ni kinga. Najua wengi tumepanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Godoro dogo gumu sakafuni, chini ya chandarua, linatosha. Ikishindikana kabisa, awe mbali na mito, ukingo na upenyo wa ukutani. Asilale na mtu anayevuta sigara au aliyekunywa dawa za usingizi. Mtoto aliyezaliwa njiti ahitaji uangalifu zaidi. Na kamwe mtu asisinzie naye kwenye kochi.

Akina baba, jambo hili si la wanawake peke yao. Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa. Kabla ya kufikiria gharama za karamu ya aqiqa, tazama kwanza mwanao atalala wapi usiku wa leo. Na mama mkwe akishauri vingine, aelezwe kwa adabu na upole, kwani naye anamtakia mjukuu wake mema.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Wabillahi tawfiq.