Usichimbe Mtaro Kwenye Kinamasi: Maelezo kwa Wakulima wa Kericho na Bomet

Malalamiko yamezidi. Chemchemi ambazo zamani hazikukauka hata Januari sasa zinabaki tope, na kina mama wanapanga jerikeni foleni tangu alfajiri. Tukiufuata mkondo kwenda juu, mara nyingi tunakuta jambo lile lile: mtaro umechimbwa katikati ya kinamasi, na kandokando yake imepandwa mikaratusi.

Sababu tunaijua. Viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni, kuni zina soko, na bonde lenye majimaji linaonekana limekaa bure. Halijakaa bure. Chukua konzi ya udongo wake uukamue: maji yatachuruzika hata kama mvua ilikatika wiki kadhaa zilizopita. Maji hayo hutoka polepole, yakalisha Kipsonoi, Itare na Chemosit hadi Mto Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye megawati 60. Upande wa Bomet, Nyangores na Amala huungana kuwa Mto Mara, unaonywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti. Mafunjo na ndago huzuia udongo na mbolea inayosombwa kutoka mashamba ya chai. Humo pia hutaga korongo wenye taji, ndege walio hatarini kutoweka duniani. Na kiangazi kikikaza, ni hapo ng'ombe hupata nyasi mbichi.

Mtaro ukishachimbwa, maji ya miezi hushuka kwa siku chache, na ule udongo mweusi hunywea na kupasuka. Mkaratusi nao humalizia yaliyosalia.

ONYO. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinakataza kuchimba, kukausha au kupanda mimea kwenye kinamasi bila idhini ya maandishi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Hatimiliki si idhini. Tunarudia: hatimiliki si idhini. Neno la mnunuzi wa kuni si idhini, wala la mzee wa kijiji. Kanuni za 2009 chini ya sheria hiyo zinalinda pia kingo za mito, kati ya mita 6 na 30 kila upande. Matumizi madogo ya nyumbani yana masharti yake, ulizia ofisi ya NEMA.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Wapo waliokata wakaacha visiki, na visiki vikachipuka. Kisiki king'olewe. Hakuna atakayesema hakuambiwa.

Panda mikaratusi juu, mbali na bonde. Mwenye mtaro tayari aende ofisi ya NEMA ya kaunti yake, au kwa chifu, kabla ya mvua za Machi, akiwa na hati ya shamba, na awaonyeshe maafisa mtaro unapoanzia na unapomwaga maji.