Anayekunywa methadone na funga ya Ramadhani

Hapa Makorora si siri tena kwamba unga umeingia majumbani mwetu. Baadhi ya wanaojidunga tumewasomesha Juzuu Amma sisi wenyewe. Tanga sasa ina kliniki ya methadone, na Ramadhani inapokaribia swali hujirudia: anayekwenda kunywa dawa ile mchana, funga yake ikoje? Wapo pia wanaosema huyo bado ni teja, kabadilisha ulevi tu.

Tuanze na hao. Zipo nchi zilizofungua vyumba ambamo mtu huja na unga wake, akajidunga mbele ya muuguzi ili asife. Uswisi ilianza mwaka 1986 mjini Bern, na Vancouver, Kanada, ikafungua chake mwaka 2003. Hilo ni zito, na mimi siko tayari kulihalalisha. Methadone si hilo. Ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na humwondolea mgonjwa arosto bila kumlewesha akipewa kipimo chake. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Fuqahaa wametufundisha kwamba madhara mawili yakikutana, huchukuliwa lililo jepesi. Na sindano ya kuchangia, yenye UKIMWI na homa ya ini, si nyepesi hata kidogo. Wenzetu wa Malaysia mwaka 2010 walianza kuitoa ndani ya Masjid Ar-Rahman, Kuala Lumpur. Sisi bado tunamkwepa kijana huyu kwenye safu!

Sasa funga. Dawa ikipita kooni mchana, swaumu imebatilika, hakuna hila hapo. Lakini dozi moja hushika kama siku nzima, kwa hiyo kwanza amuulize daktari iwapo anaweza kuhamishiwa baada ya Magharibi. Isipowezekana, huyu ni mgonjwa, na Suratul Baqara aya ya 184 imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidya, kibaba kwa kila siku. Tiba hii huenda miaka, basi amweleze shekhe hali yake, asijihukumie mwenyewe.

Asithubutu kukatisha dozi mwezi mzima kwa kuona haya kuonekana kliniki mchana. Mwili ukishapoteza mazoea, akirudia unga kwa kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Maimamu wa mitaa mitatu minne wakienda pamoja kliniki mwezi wa Shaabani kuulizia dozi ya jioni, watasikilizwa kuliko mgonjwa mmoja mmoja.