Malawi: Ziwa Kubwa, Mashamba Madogo

Malawi ni jirani yetu wa kusini, na Ziwa Nyasa latuunganisha nayo. Walakini ni wachache kwetu waijuao vema. Yafaa tuitazame leo, ili tupate kujifunza.

Nchi hiyo ni ndefu na nyembamba, imelala katika Bonde la Ufa. Eneo lake lapata kilometa za mraba 118,000, na sehemu moja katika kila tano ni maji. Bahari haina. Upande wa kusini umesimama mlima Mulanje, wenye kimo cha meta 3,002, na miteremkoni mwake huota chai. Katika ncha ya kusini ya ziwa hutoka mto Shire, uendao kuingia Zambezi katika nchi ya Msumbiji.

Watu je? Hesabu ya mwaka 1966, miaka miwili baada ya uhuru, ilionyesha watu milioni 4. Ile ya mwaka 2018 ilionyesha milioni 17 na nusu, na nusu yao hawajatimiza miaka 18. Ardhi haikuongezeka. Kila kilometa ya mraba ya nchi kavu ilikuwa na watu 186, na katika kila watu 100, 84 walikaa vijijini. Kwa Wachewa na Wayao shamba hurithiwa kwa upande wa mama. Lakini liwe la mama au la baba, likigawanywa kwa vizazi vitatu hubaki kipande kisichotosha kulisha nyumba.

Chakula chao ni mahindi. Fedha zao hutoka hasa katika tumbaku. Sababu yaeleweka: bahari i mbali, na tumbaku kavu ni nyepesi, tena ina bei, hata yaweza kustahimili gharama za safari. Lakini tumbaku haishibishi mtoto, na bei yake hupangwa na wanunuzi. Tena mabani ya kuikaushia yataka miti, na kuni na mkaa wa mijini vyataka miti pia.

Hapo ndipo mambo yanapoungana. Miti ikikatwa, mvua huchukua udongo na kuutia katika Shire, nao mto huo ndio uendeshao mitambo itoayo sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Januari 2022 mafuriko ya tufani Ana yalibomoa bwawa la Kapichira. Machi 2023 tufani Freddy ikaua watu zaidi ya 600 upande wa kusini.

Basi, tusiseme Malawi ni maskini wa maji wala wa bidii. Tuseme kwamba shamba, mti, mto na idadi ya watoto ni hesabu moja; anayesahau kimoja huharibu vyote. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wazazi wanaogawa mashamba yao mwaka huu na waihesabu hesabu hiyo mapema, na miti iliyo kandokando ya mto waiache isimame.