Diwani wa Murongo, jalada la Kayanga

Mbunge ukitaka kumjua huhitaji nauli. Tovuti ya Bunge inaonyesha tarehe yake ya kuzaliwa, shule alizosoma na kazi alizofanya. Aliyoyasema bungeni yamo kwenye Hansard. Kazi ipo kwa diwani. Mtu kakaa udiwani vipindi viwili Nkwenda au Kaisho, wilayani Kyerwa, kavutana na wenzake juu ya barabara na zahanati, na maandishi pekee ya maisha yake ni wasifu uliosomwa siku ya maziko.

Anza na karatasi hiyo. Iombe kwa wafiwa na uipige picha kabla haijapotea pamoja na daftari la rambirambi. Miaka yake usiimeze mizima: wasifu huandikwa usiku wa msiba, na makaburini hakuna anayebisha. Kama marehemu alikuwa Mkristo, tarehe ya kuzaliwa ilinganishe na daftari la ubatizo la parokia au usharika. Wazee wengi wana cheti cha ubatizo, cha kuzaliwa hawana.

Halafu nenda halmashauri, na hapa ndipo wengi hupotea. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Diwani wa kata ya Murongo wa mwaka 1995 usimtafute Rubwera, makao makuu ya Kyerwa. Vikao vyake vilikuwa vya Karagwe, basi anza kuuliza Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Ukikuta jimbo la Kyerwa lina mbunge mwaka 2005 usishangae, jimbo lilitangulia wilaya. Nyaraka za kabla ya 1979 nazo zitasema mkoa wa Ziwa Magharibi, si Kagera.

Tena, halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, zikarudi 1984. Akitajwa mtu kuwa diwani mwaka 1977, usimkatae, ila uliza alikaa baraza gani.

Barua yako iwe na shabaha. "Naomba historia ya mzee fulani" itakurudisha nyumbani mikono mitupu, maana ofisini hakuna jalada la jina hilo. Omba mihtasari ya baraza la madiwani ya mwaka unaoutaka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi ina siku 30 za kujibu.

Kwa machifu na watemi wadogo, ambao vyeo vyao vilifutwa 1963, safari ni ya Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Jalada likishatimiza miaka 30, kwa kawaida huwa wazi kusomwa. Kabla ya kupanda basi soma kitabu cha Israel Katoke cha 1975 juu ya ufalme wa Karagwe, kitakupunguzia maswali.

Na majina ya Kinyambo yaangalie kwa jicho kali. Ukikosa jina kwenye R, litafute kwenye L. Tahajia nayo hubadilika: hata msafiri Mwingereza Speke, aliyepokewa na mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alimwandika Rumanika.