Tulivyokwenda Kuyaona Mawe ya Kisiwa cha Saanane

Muhula huu sisi wanafunzi wa Kidato cha Tatu tulisafiri kutoka Migato kwenda Mwanza, tukiongozwa na Bwana Mwalimu wa Jiografia na Bibi Mwalimu wa Fizikia. Shabaha ya safari yetu ilikuwa kutazama kwa macho mawe tuliyoyasoma darasani. Napenda kuwaeleza wasomaji yale tuliyojifunza, maana yamenifaa nyumbani kuliko nilivyodhani.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Bariadi na Lamadi, tukaingia Mwanza jua likiwa limepanda. Kwanza tulisimama ufukoni tukalitazama Jiwe la Bismarck, lililokaa juu ya miamba mingine ndani ya maji. Jina hilo ni la Otto von Bismarck, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Ujerumani, nalo limebaki tangu zama za Wajerumani, waliotawala Mwanza hadi mwaka 1916. Kisha tukapanda mashua, na baada ya mwendo mfupi tukashuka Saanane. Kisiwa hiki kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Tuliwaona swala, mijusi wenye vichwa vyekundu, na pimbi wakiota jua. Lakini hasa tulifuata mawe. Yapo makubwa kama nyumba, na mengine yamepandana moja juu ya jingine, hata mtu huogopa kupita chini yake.

Bwana Mwalimu akatuuliza, "Nani aliyeyapanga mawe haya?"

Wengi wetu tulijibu kwa pamoja kwamba ni mawimbi ya ziwa. Mwalimu hakutukemea. Alitupandisha mpaka kileleni, akatuonyesha mawe ya mviringo vilevile kama yale ya pwani, akasema, "Basi nielezeni, mawimbi yalifikaje huku juu?" Tukanyamaza. Ndipo alipotueleza mambo matatu, nami niliyaandika hivi:

Kwanza, mawe haya ni itale, ambayo vitabu vingine huiita graniti. Yalitokana na mwamba ulioyeyuka kwa joto, ukapoa polepole sana chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Kwa kuwa ulipoa polepole, chembe zake zilipata nafasi ya kukua, na ndiyo sababu ukilitazama jiwe kwa karibu unaona punje zinazong'aa.

Pili, mwamba ule ulipasuka nyufa, nyingine zimesimama na nyingine zimelala, kama matofali katika ukuta. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo, yakaulainisha mwamba hata ukawa udongo na mchanga. Pembe huliwa upesi kuliko pande, kwa sababu hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Kwa hiyo tofali la mwamba huwa tufe.

Tatu, mvua za miaka mingi zikauchukua udongo ule laini, na matufe magumu yakabaki wazi pale pale yalipokuwa. Kumbe hakuna aliyeyapandisha! Ni udongo ulioondoka.

Ziwa lenyewe ni mgeni. Wataalamu wanasema kwamba miaka 15,000 hivi iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Siku hizo Saanane hakikuwa kisiwa, bali kilima kama vilima vyetu vya Usukuma, na mtu angeweza kukifikia kwa miguu.

Kisha Bibi Mwalimu akachukua daftari, akaliweka ukingoni mwa jiwe na kulisukuma nje kidogo kidogo. Lilikaa, likakaa, na nusu yake ilipozidi ukingo, likaanguka. Akasema, "Jiwe hukaa maadamu kitovu cha uzito wake kiko juu ya kitu kinachoushika. Msiliogope jiwe kwa ukubwa wake. Tazameni kilichoko chini yake." Msomaji, jaribu hivyo kwa daftari lako mezani, utaona.

Maneno hayo yalinitia baridi. Nyuma ya nyumba yetu lipo jiwe kubwa la namna hiyo, na kaka yangu huchimba changarawe chini yake, na kupasua kokoto pembeni. Siwezi kumlaumu. Nauli yangu ya safari ile ilitoka katika kokoto hizo.

Niliporudi nilimwamkia, nikamwomba anifuate nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha jaribio la daftari, kisha nikachukua fimbo, nikaiingiza katika shimo lake. Fimbo yote ilizama bila kugusa mwisho.

Kaka akasema, "Mdogo wangu, jiwe hili lilikuwapo kabla ya babu. Liangukeje leo?"

Nikamjibu, "Kaka, wakati wa babu udongo ulikuwapo chini yake. Mvua iliuondoa kwa maelfu ya miaka. Sisi tumeuondoa kwa misimu miwili."

Alinyamaza kitambo, akilitazama shimo. Mwisho akasema, "Watoto hujificha jua humo mchana." Hakuongeza neno. Jioni ile alizungusha miiba mahali pale, na tangu siku ile hupasua mawe madogo yaliyokwisha kuanguka kando ya kilima. Kazi imekuwa ndefu zaidi, na kokoto ni chache kuliko zamani, lakini hajarudi chini ya jiwe lile.

Wenzangu mnaoishi penye mawe, na ninyi wazazi wetu, nendeni mkatazame chini yake kabla ya masika. Fimbo moja inatosha kwa kupimia.