Msimbo wa QR: Njia ya Kumfikishia Mgonjwa Kiziwi Taarifa za Afya kwa Lugha ya Alama

Bahasha ya dawa iliyoandikwa "1 × 3" haijitoshelezi. Mgonjwa anayesikia hupewa maelezo mengine kwa mdomo: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku, hadi dozi iishe. Mgonjwa kiziwi huondoka na bahasha pekee. Akimeza vidonge vitatu kwa mkupuo, kosa si lake.

Wengi hudhani kwamba maandishi yanatosha. Hata hivyo, kwa kiziwi aliyekulia katika Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na sarufi yake ni tofauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unayataka mataifa kukubali na kurahisisha matumizi ya lugha za alama katika mawasiliano rasmi.

Msimbo hufanyaje kazi?

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Miraba mitatu ya pembeni huisaidia kamera ya simu kuutambua hata ukiwa umeinama. Ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha urekebishaji, husomeka hata kama takriban asilimia 30 ya taarifa zake zimeharibika. Kwa hiyo unafaa kubandikwa kwenye bahasha inayokunjwa au ukuta unaochakaa. Msimbo wenyewe haubebi video, bali anwani ya mahali video ilipohifadhiwa.

Kwa watoa huduma

1. Andaeni video pamoja na viziwi wenyewe, kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Lugha za alama za nchi nyingine ni lugha tofauti.

2. Uso na mikono ya msimulizi vionekane vyote, kwa kuwa mwonekano wa uso ni sehemu ya sarufi. Mandhari ya nyuma yawe ya rangi moja.

3. Kila video ibebe ujumbe mmoja. Kwa mfano, kuhusu ORS: changanya pakiti nzima na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mimina iliyobaki baada ya saa 24. Video fupi pia humpunguzia mgonjwa gharama ya bando.

4. Wekeni karibu na msimbo picha ya mikono inayoashiria lugha ya alama, katika kimo anachokifikia hata mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu.

5. Kagueni misimbo mara kwa mara, kwani mtu mwenye nia mbaya aweza kubandika wake juu ya ule halali.

Kwa mgonjwa na familia

Elekeza kamera kwenye msimbo, kisha gusa anwani inayojitokeza. Msimbo wa maelezo ya dawa haupaswi kukudai nywila wala malipo. Ukidaiwa, acha na umwarifu mhudumu.

Mpaka wa teknolojia hii

Video haijibu swali. Kabla ya upasuaji, katika kutoa majibu ya vipimo au kupata ridhaa, mkalimani wa lugha ya alama anahitajika. Kumtumia mtoto wa mgonjwa kama mkalimani huvunja faragha ya mzazi na kumtwisha mtoto mzigo usio wake. Msimbo husaidia kwa maelezo yanayojirudia. Mazungumzo ya tiba hubaki kati ya watu.